Maneno ya Mezani, Kutoka Wete Hadi Chokocho

Tangu nirudi nyumbani Pujini, kila apitaye barazani kwangu huniuliza yale yale: ilikuwaje huko Chokocho, na ni kweli kwamba Mzungu alilia mbele za watu? Nimewajibu wengi kwa vipande, na kila mmoja ameondoka na kipande chake akakitia viungo vyake mwenyewe, hata juzi nikasikia kwa masikio yangu kwamba nilimpiga Bwana Shamba kibao ndipo akala. Basi nimekaa nikaandika, mpate kuisoma yote kwa mpango wake. Habari za nani aliniita, nani aliandika barua na nani aliruhusu, naziacha. Hazina ladha.

La kujua ni hili. Miaka niliyokuwa melini nilikuwa mtumishi wa chumba cha kulia. Meli ilikuwa ya Waingereza, nayo ilipitia visiwa vya Kanari na kuvuka mpaka Amerika ya Kusini, na abiria wengi walikuwa wasemao Kihispania. Msimamizi wetu Mwingereza hakujua neno hata moja la lugha ile, wala hakutaka kulijua. Yeye aliniambia kwa Kiingereza, nami nikamwambia abiria kwa Kihispania: utapenda supu au samaki, nikuletee mkate, bwana yule anaomba chumvi, nikuondolee sahani? Hicho ndicho Kihispania changu, kinaanzia kwenye kitambaa cha meza na kwisha kwenye matunda. Mtu akinisimulia kwacho habari za vita au za mapenzi, mimi ni bubu. Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu, na Pemba nzima hakupatikana mwingine.

WETE

Bwana Shamba mnamjua, yule Mwingereza mrefu apitaye mashambani akikagua ugonjwa wa mikarafuu. Mkewe aliitwa Bi Lusia, mzaliwa wa visiwa hivyo vya Kanari, ambako bwana aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya migomba kabla ya kuletwa kwetu. Bi Lusia alifariki Chokocho masika ya mwaka jana, walipokuwa wamepiga hema huko kwa kazi. Sasa mamake alikuwa amekuja, peke yake, mwanamke mtu mzima aliyevuka bahari mbili, apaone mahali mtoto wake alipolala na ajue alimalizikaje. Jina lake Donya Karmen. Donya kwao ni kama Bi kwetu, nami sikuwahi kumwita bila ya heshima hiyo.

Alipokuwa hai, Bi Lusia ndiye aliyekuwa mdomo baina ya mumewe na mamake. Mdomo ule ulikuwa sasa chini ya ardhi. Nilipofika Wete niliwakuta wawili hao wameketi meza moja, kila mmoja anatazama sahani yake, na kimya kimejaa chumba mpaka mpishi alikuwa akitembea kwa ncha za vidole.

Na mimi Bwana Shamba alisema Kiswahili, tena si kibaya. Lakini neno la kumwendea mkwewe alilisema kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti, nadhani kwa kuamini kwamba lugha za Ulaya zinajuana. Mchana ule wa kwanza aliniambia nimuulize kama atapenda supu. Nikamuuliza, kwa adabu zote za melini. Akatikisa kichwa akasema hapana, asante. Bwana akaniashiria nisimsumbue, nami nikaliondoa bakuli. Ndivyo nilivyofunzwa: abiria akisema hapana, sahani huondoka, na mtumishi anayeuliza mara ya pili hajui kazi. Akaja samaki. Hapana, asante. Ukaja wali. Hapana, asante. Mwisho alichukua ndizi moja, akaimenya, akaitazama sana, akala nusu.

Usiku mambo yakawa hayo hayo, na asubuhi vile vile. Bwana naye alikula kama mtu anayemeza dawa. Tulipokuwa tukifunga mizigo aliniambia, bila ya kunitazama, "Ananichukia, Faki. Hataki hata kuonja chakula changu. Ananiona mimi ndiye niliyemuua mwanawe."

 Kusema kweli, na mimi nilidhani hivyo hivyo.

WETE HADI CHAKE CHAKE

Tuliondoka kwa gari la bwana, na masika yalikuwa yamekwisha kuila barabara. Mahali pa kwanza gari lilipozama, watu wa shamba walitoka wakasukuma. Mahali pa pili walitoka wengine. Mahali pa tatu gari lilikataa kabisa, likakaa ndani ya tope hadi vibawa vya magurudumu, na sisi tukasimama chini ya mwavuli mmoja tukisubiri ng'ombe wa kulivuta.

Donya Karmen alivaa nguo nyeusi ndefu na mtandio mweusi kichwani, kwa ajili ya msiba wake. Wazee wawili waliokuwa wakipita walisimama mbali kidogo, wakainamisha macho na kumwamkia kwa salamu ya Kiarabu, kisha mmoja akanivuta kando akaniuliza huyu bibi ni wa ukoo gani wa Oman, maana wa Wete anawajua wote. Nikamwambia si Mwarabu, ni Mhispania. Akafikiri, akaniuliza kama hao Wahispania ni watu wa Mkoani. Bibi mwenyewe aliwaitikia kwa kuinamisha kichwa na kuweka mkono kifuani, nao wakaondoka wameridhika kuliko nilivyoweza kuwaridhisha mimi.

Kwenye nyumba iliyokuwa karibu na tope lile palitoka sauti ya mwanamke kutukaribisha ndani, tule, mvua ipungue. Bwana alishukuru akasema tumechelewa, twendelee na safari. Gari lilikuwa halitoki, sisi hatuendi popote, na harufu ya nazi inayochemka inatufikia hapo tulipo. Nilimtazama Donya Karmen. Alikuwa ameelekeza uso kule jikoni, na puani mwake niliona njaa. Nikasema moyoni, basi mbona hapokei mkate wa mkwewe? Sikuwa na maneno ya kumuuliza.

CHAKE CHAKE

Tulifika tumelowa, tukalala kwa Mwingereza mmoja wa serikali ambaye jina lake halina haja hapa. Meza yake ilikuwa ndefu na wageni walikuwepo, na siku hiyo nilifanya kazi kama ya melini hasa. Muombe bibi apitishe chumvi. Mwambie bibi pilipili hii ni kali. Muulize bibi kama dirisha linamwletea baridi. Mimi nikageuza, naye akapitisha chumvi, akairudisha, akapitisha tena. Kwa Waingereza, maombi ya mezani hufungwa kwa vitambaa vingi: tafadhali, kama haitakuwa taabu, je, ungependa labda. Nikivifungua vyote hivyo ili nivitie katika Kihispania changu, mara nyingi kilichobaki ndani ni neno moja tu, chumvi.

Bwana mmoja mnene, mwenye moyo mzuri, aliniambia nimwambie bibi kwamba bila shaka anaikumbuka sana bustani ya kwao. Neno la bustani sikuwa nalo. Neno la kukumbuka sikuwa nalo. Nikakusanya nilivyoweza, nikamuuliza Donya Karmen, "Mboga?" Akajibu hapana, asante. Nikamgeukia bwana mnene nikamwambia, anakushukuru. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema maskini, inaonekana. Wote wakanyamaza kwa heshima. Mkinicheka nicheke nami, lakini siku ile sikucheka.

Maana niliona jambo. Sahani ya nyama ilipofika kwake nilimuuliza, akasema hapana, nami nikaivuta. Mkono wake ukaifuata. Si kuishika, hapana, kidole kimoja tu kiliinuka juu ya kitambaa kikaifuata sahani kwa upana wa kiganja, kisha kikarudi. Nilimpa mkate baadaye, ukumbini, nikauweka mkononi mwake na kuondoka bila ya kusema kitu. Aliula wote.  Mtu mzima haishi kwa ndizi na mkate, na mbele yetu tulikuwa na njia mbaya kuliko ile ya nyuma.

NJIA YA PUJINI

Asubuhi tuliambiwa daraja la njia kubwa ya kusini limekwenda na maji, na gari halipiti. Wakapatikana punda watatu, na njia iliyobaki ilikuwa ya kuzunguka mashambani, kupitia kwetu Pujini. Sikulipanga mimi, ingawa wapo wanaosema nililivunja daraja kwa mikono yangu ili niwaonyeshe wageni nyumba yangu.

Mvua ilitupiga njia nzima. Tulipofika kwangu alasiri, Donya Karmen alishushwa punda kama mzigo. Mke wangu Raya alimtazama mara moja tu, akanitazama na mimi, akaniuliza, "Faki, mgeni huyu mnamlisha nini?"

Nikamwambia tunamuuliza kila mara, anasema hataki.

"Mnamuuliza?"

Akaingia jikoni. Alikuwa na muhogo wa nazi tayari na samaki wa ng'onda wa kuchoma. Mkeka ukatandikwa, bwana akaketi kwa shida, miguu yake mirefu haijui iende wapi, na bibi akaegemezwa ukutani. Raya akaja na sinia. Hapo Bwana Shamba, kwa wema wake ule ule, akaniambia kwa Kiingereza nimuulize mkwewe kama angependa kujaribu chakula hiki, na kwamba asijilazimishe. Nikamuuliza. Hapana, asante.

Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye sahani. Raya akaupiga kwa upawa.

"Mgeni haulizwi, hupakuliwa," alisema. "Hebu ondoka hapo."

Akapakua sahani ikajaa, akaiweka mapajani mwa bibi. Donya Karmen akaweka mkono kifuani, akasema yake: hapana, asante, nyingi mno. Raya hakuelewa neno, wala hakulihitaji. Akaisukuma sahani. Bibi akatikisa kichwa, lakini safari hii alitabasamu kidogo. Raya akamega kipande cha muhogo, akakichovya kwenye tui, akakipeleka mdomoni kwake, huku akimwambia kula mama, kula, njia ni mbaya na mvua haina huruma. Na bibi akala. Alikula muhogo wote, akala ng'onda mpaka akanyonya miiba, akatia kidole kwenye tui lililobaki. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nilisimama pale kama kigingi. Ile hapana ya kwanza, ndugu zangu, ninyi wenyewe mnaijua. Nani kati yetu amewahi kuingia nyumba ya mtu, akakaribishwa, akasema naam nipe? Husema nimekwisha kula, nimeshiba, asante, na mwenyeji hapotezi wakati kusikiliza. Kumbe na kisiwani kwao ni hivyo hivyo. Bibi yule tangu ameingia nyumba ya mkwewe alikuwa akisema hapana ya adabu, akingoja asukumiwe sahani, na kila mara sahani ikaruka ikaenda zake. Mimi mtoto wa Pemba ndiye niliyekuwa nikiichukua.

Alipokwisha kunawa aliniita karibu. Alikuwa amekwisha kuujua upana wa Kihispania changu, maana alichagua maneno kama mtu anayemkatia mtoto nyama. Aliniambia, "Binti yangu. Daima, hapana, asante. Tangu mdogo." Kisha akanyoosha kidole kwa bwana, aliyekuwa nje akitazama mvua. "Huyu, anauliza mara moja." Akafanya kwa mkono wake vile nilivyofanya mimi Wete na Chake, akaivuta sahani ambayo haikuwepo. "Binti yangu mgonjwa. Nani alimpa chakula?"

 Hicho ndicho kilichomvusha bahari, na ndicho alichokuwa akikitazama katika kila sahani niliyoiondoa mbele yake. Hakumchukia mkwewe kwa sababu mwanawe amekufa. Alidhani mwanawe amekufa na njaa ndani ya nyumba ya adabu.

Mimi Chokocho sikuwapo. Nikamwendea bwana nikamweleza nilichokiona kwenye mkeka, kwamba bibi akisema hapana aulizwe tena na tena, au asiulizwe kabisa. Kile alichosema juu ya binti yake sikuthubutu kumpelekea. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Mtu mzima akiniambia hapana, mimi ni nani nimlazimishe?"

Wala hakulisema kwa ukali. Kwake hiyo ndiyo heshima, kumwamini mtu kwa neno lake, na mimi nimeishi nao miaka mingi, najua hakuwa mtu mbaya. Lakini nilimwona akiitazama ile sahani tupu mapajani mwa mkwewe, na uso wake ukabadilika, na muhogo wake mwenyewe hakuugusa.

KUSINI

Kutoka Pujini kwenda kusini ni njia ya kupanda na kushuka, na kila bonde lilikuwa na mto usiokuwepo wakati wa kiangazi. Punda walivuka wakivutwa masikio. Bibi alikuwa na nguvu sasa, kwani Raya alimfungia mkate wa mofa na mayai katika kitambaa, na hakumuuliza anataka mangapi. Mahali pamoja tulizuiwa na maji ya bahari yaliyojaa ndani ya mikoko, ikabidi tukae kungoja yatoke, na mtu mmoja mkata boriti, hatumjui naye hatujui, akakaa nasi akatumenyea machungwa yake yote. Alimpa bibi, bibi akakataa, akampa tena, bibi akapokea. Yule mtu hakujua kwamba amefanya jambo.

Aliyechelewesha safari zaidi ya maji alikuwa bwana. Kadiri Chokocho ilivyokaribia ndivyo kila mkarafuu ulivyomsimamisha. Alishuka akakwangua gome, akakunja jani, akaandika, akashuka tena. Mwisho alinifikia huku punda wa bibi yuko mbele, akazungumza kwa Kiswahili, macho yake yakiwa njiani.

Aliniambia kwamba mkewe alishikwa na homa ghafla, na kila alipompelekea mchuzi au maziwa alisema hataki, naye akayaondoa. Hali ilipokuwa mbaya alikwenda Chake kutafuta daktari, na njia ilikuwa kama hii. Aliporudi na daktari siku ya tatu, watu wa kijiji walikuwa wamesimama mbele ya hema, na hakuna aliyesema. Alionyeshwa udongo mbichi. Akautazama, akageuka, akarudi alikotoka siku ile ile.

"Sikuuliza kitu," alisema. "Niliogopa wasije wakaniambia kwamba aliomba chakula na mimi sipo."

Basi wote wawili walikuwa na swali moja, huyu mbele juu ya punda na huyu nyuma kwa miguu, na katikati yao nilikuwa mimi na chumvi yangu.

CHOKOCHO

Kaburi mtalisikia kwa wengine, nami nitasema tu kwamba limewekwa mawe ya pwani kwa safu nzuri, na liko katika kiunga cha Bi Mize, kwa kuwa marehemu hakuwa Mwislamu na hawakutaka alale peke yake mbali na watu. Na meli aliyoipanda Donya Karmen huko Mkoani kurudi kwao ilikuja kwa wakati wake kama zote. Ninalotaka kuwaeleza ni lile la mkekani.

Bi Mize huyo ni mjane wa makamo, mfupi, ana shamba dogo la mpunga na sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Alitupokea uani. Bwana akamwamkia, akamwambia tumekuja kuona kaburi tu, hatutaki kuwasumbua, tutaondoka mara.

"Kaburi haliendi mahali," alijibu Bi Mize. "Mwaka jana weye kuja, kugeuka pale pale uliposimama, matanga hukukaa. Leo kaeni. Mfiwa haambiwi kitu ana njaa."

Nyote mnaijua desturi ile, ingawa nimekutana na Waunguja wanaojifanya hawaijui. Waliokuwapo kwenye mauti hawayasimulii njiani wala mlangoni. Mfiwa aketi kwanza, ale chakula cha majirani, maana nyumba ya msiba haiwashi moto, kisha ndipo anaposimuliwa, taratibu, na yule aliyekuwa karibu zaidi. Chokocho walimngoja bwana mwaka mzima aje aketi. Yeye aliogopa kuambiwa, nao hawakuweza kumfuata Wete na maneno ya matanga mikononi. Kila upande uliuona mwingine umenyamaza.

Habari ikaenda nyumba kwa nyumba kwamba mama wa Bi Lusia amekuja. Wanawake wakaanza kuingia na vyakula vilivyofunikwa kawa: wali, mchuzi wa changu, ndizi za nazi, uji. Kwa kawaida wanaume wangekaa kwao na wanawake kwao, lakini Bi Mize aliamua wafiwa hawa wakae mkeka mmoja, kwa kuwa maiti wao ni mmoja na mkalimani wao ni mmoja. Mimi nikawekwa katikati.

Donya Karmen hakuhitaji kufafanuliwa. Aliona wale wanawake wanavyoingia bila ya kusema, wanavyoweka vyombo chini na kuketi, akajua yuko wapi. Bi Mize alimpa tonge la kwanza kwa mkono wake, naye akasema hapana, asante, akala.

Bwana alikaa ameinama. Bi Mize akamsogezea sinia, naye akasema asante, nimeshiba. Akasogezewa tena, akasema siwezi. Wanawake uani wakatazamana, kwa sababu mfiwa asipokula hapana hadithi, na sote tulilijua hilo ila yeye.

Ndipo bibi alipojongea. Alifinyanga tonge la wali na samaki, akatoa miiba kwa vidole vyake, akalisogeza mbele ya uso wa mkwewe. Bwana akaniambia kwa Kiingereza, haraka haraka, "Mwambie namshukuru sana, lakini hapana."

Nikageuza, neno kwa neno, kwa Kihispania safi cha melini. Yeye bwana, asante sana, hapana. Donya Karmen alinisikia mpaka mwisho. Mkono wake haukurudi. Wali ulianza kuanguka punje punje juu ya mkeka, na mkono uko pale pale, na bwana akaninong'oneza nimwambie tena. Nikamwambia tena. Mkono uko pale pale. Kisha bwana akafunga macho, akafungua mdomo.

Akala la pili, akala la tatu. Bi Mize akavuta kigoda chake akakaa mbele yao, akaanza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Ulipotoka weye kumtafuta daktari, mkeo kaniambia hataki kitu. N'kamwambia, nani kakuuliza? N'kamkalisha, n'kampa uji kwa kijiko, kaunywa. Jioni kanywa tena. Siku ya pili kala hata samaki. Usikae ukadhani kafa na njaa. Kafa kwa homa, na homa ni ya Mungu."

Bwana alijifunika uso. Mimi nikamgeukia bibi, na kwa mara ya kwanza tangu Wete sikutafuta neno. Yote nilikuwa nayo. Nilimwambia: binti yako alikula. Huyu bibi alimpa. Uji, kwa kijiko, asubuhi na jioni. Samaki. Alisema hapana, na huyu bibi akampa. Donya Karmen aliuchukua mkono wa kulia wa Bi Mize, akaufungua, akauangalia kiganjani, akauweka juu ya shavu lake na kuushikilia hapo.

Bi Mize alimwachia mkono, lakini macho yake yalikuwa kwa bwana, na hakuwa amemaliza.

"Siku ile ya mwisho akili zake zilikuwa timamu. Kaniambia, 'Mwekeeni bwana chakula, njia ni ndefu, atarudi na njaa.' Tukakuwekea, tukafunika kawa. Ukaja, ukarudi. Siye hatukukuita, kila mtu na msiba wake. Kikakaa mpaka kikaharibika."

Hilo nalo nililigeuza lote. Sahani ya mume wangu, iwekeni, ana njaa. Abiria wangapi waliwahi kuniambia maneno hayo juu ya waume zao waliochelewa kutoka chumbani, nami nikaenda nikafunika sahani bila ya kufikiri kitu. Hapo nilishindwa kuyamaliza, na bibi akanishika bega akasema ameelewa.

Mliniuliza kama Mzungu alilia. Alilia, tena kwa sauti, kama mtoto mchanga, na hakuna mtu uani aliyemtazama vibaya, maana kilio kile kilikuwa kimecheleweshwa mwaka mzima. Wanawake walilia naye. Mimi pia nililia, na anayetaka kunicheka aje anicheke usoni.

Alipotulia alijifuta kwa mkono wa shati lake. Aliitazama sinia mbele yake, nusu imekwisha, akamtazama mkwewe. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, polepole, lakini safari hii bila ya sauti kubwa, "Mwambie naomba tena kidogo."

Nikamwambia Donya Karmen. Akampakulia mpaka ukingoni.